Bia Yako, Sheria Zao: Mwongozo Kamili wa Umiliki na Usambazaji kwa Kiwanda Kidogo cha Bia Marekani

Mwaka 2006 Larry Bell, mwenye kiwanda cha Bell's cha Kalamazoo, Michigan, aliiondoa bia yake katika jimbo zima la Illinois, Chicago ikiwemo. Bia haikuwa imemwishia, na wateja hawakuwa wameikinai. Msambazaji wake alitaka kuuza haki ya kusambaza bia za Bell's kwa msambazaji mwingine ambaye Bell hakumtaka, na sheria ya jimbo ilimlinda msambazaji. Bell akaona heri akose soko kuliko kuingizwa kwenye ndoa asiyoichagua. Aliporudi baadaye, alirudi na bia zenye jina jingine, Kalamazoo, maana jina la Bell's lilikuwa bado limefungwa kwenye haki za yule wa kwanza.

Mtu katengeneza bia, kaipa jina la ukoo wake, halafu hana uamuzi wa nani aipeleke sokoni. Watu wengi wanaoanzisha viwanda vidogo huhangaikia matangi, hamira na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), kumbe shimo lipo kwenye makaratasi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa Mswahili anayeishi Marekani ambaye amekuwa akipika bia jikoni kwake na sasa rafiki zake wanamwambia, "Hii si ungeiuza?" Kupika ya kunywa nyumbani kuliruhusiwa na serikali kuu kwa sheria aliyoisaini Jimmy Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Siku unapouza glasi ya kwanza, ruhusa hiyo imekwisha na umeingia ulimwengu mwingine. Mimi si wakili, na kila jimbo lina sheria zake, tena hubadilika. Usome ili ukifika kwa wakili ujue la kuuliza, kwa sababu yule analipwa kwa saa.

Hatua ya 1: Zielewe ngazi tatu

Pombe ilipigwa marufuku Marekani kuanzia Januari 1920. Desemba 5, 1933, Marekebisho ya 21 ya Katiba yakaifungulia tena, lakini kifungu chake cha pili kikayaachia majimbo uwezo mkubwa wa kuamua pombe iingie vipi na iuzwe vipi kwao. Ndiyo maana unashughulika na nchi moja yenye sheria za bia zaidi ya hamsini.

Majimbo mengi yalichagua mfumo wa ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye baa au duka, na huyo ndiye humuuzia mnywaji. Kusudi lilikuwa kuua mtindo wa kabla ya marufuku. Kiwanda kilikuwa kinamfungulia mtu baa, kinampa kaunta, viti na pesa za leseni, naye anauza bia ya kiwanda hicho peke yake. Nitaziita baa za namna hiyo baa mateka. Zilikuwa zikisukuma watu wanywe kupita kiasi ili deni la kiwanda lilipike.

Waliotunga mfumo huu walikuwa wanawawazia wakubwa. Viwanda vidogo vya leo havikuwepo akilini mwao, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa imebaki na viwanda pungufu ya 100. Sasa vimepita 9,000. Sheria nyingi zilizokusudiwa kumfunga simba zimemnasa paka, na kila mwaka mabunge ya majimbo yanazirekebisha kipande kwa kipande.

Hatua ya 2: Upekue ukoo wa pesa zako

Fanya hili kabla hujasajili kampuni. Tuseme unahitaji dola 400,000. Shemeji yako wa Houston ana duka la vinywaji, anakupa 50,000 apate hisa kidogo. Binamu yako ana mgahawa Dallas, naye anachangia. Kwetu hiyo ni harambee ya kawaida. Kwa sheria ya baa mateka, huenda umeshaharibu ombi lako la leseni, kwa sababu mtu wa ngazi ya tatu ameshika hisa kwenye ngazi ya kwanza. Majimbo kadhaa hayajali kama ni asilimia 1 au 40. Mengine huangalia hata mali ya mume au mke.

Basi mpe kila anayeleta pesa fomu ya ukurasa mmoja. Je, wewe, mwenzi wako, au kampuni yoyote uliyo na hisa ndani yake, mna leseni ya kuuza, kusambaza au kutengeneza pombe popote? Mna jengo mlilompangishia mtu mwenye leseni hiyo? Mmemkopesha? Yeyote anayejibu ndiyo, karatasi yake ifike kwa wakili kabla pesa yake haijafika benki. Kuna njia za kisheria kwa baadhi ya watu hawa, na baadhi ya majimbo yana misamaha, lakini misamaha hiyo huombwa mapema. Kumrudishia shemeji pesa ambazo zimeshageuka tangi la chuma ni kesi ya ukoo mzima.

Wapo pia wanaokuja na pesa za chama. Wanachama ishirini, kila mmoja dola 5,000, na hakuna atakayeshika hata chupa kiwandani. Watu wa namna hiyo wanaoweka pesa wakisubiri faida kwa jasho la mwingine wananunua dhamana za mitaji, yaani hisa na kama hizo, machoni pa sheria ya Marekani, na anayewauzia yuko chini ya SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji. Ukirusha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 ujumbe wa "hisa za kiwanda zinauzwa", umetangaza kwa umma. Njia halali zipo. Mojawapo ni uchangishaji kupitia jukwaa la mtandaoni lililosajiliwa, ambao tangu 2021 unaruhusu hadi dola milioni 5 ndani ya miezi 12. Hata hivyo ina gharama na taarifa za kujaza, kwa hiyo kwa chama cha watu ishirini muulize wakili kama hakuna mlango mdogo zaidi.

Hatua ya 3: Andikeni hisa mkiwa bado mnapendana

Viwanda vingi vidogo huanza na wawili, mmoja anajua kupika na mwingine ana pesa. Mpishi akipewa asilimia 40 siku ya kwanza na kuondoka mwezi wa nane, ameondoka na asilimia 40 ya kampuni. Weka hisa zake zimfikie kidogo kidogo, kwa mfano kwa miaka minne. Andikeni itakuwaje mmoja akifa, akitalikiwa au akifilisika: wenzake wapewe nafasi ya kununua kwanza, na bei ipatikane kwa kanuni mliyokubaliana leo. Bila kifungu hicho unaweza kujikuta na mwanahisa mpya ambaye ni mwenye duka la pombe, na hapo umerudi Hatua ya 2.

Jina la bia na nembo visajiliwe kwa jina la kampuni, visibaki kwa jina la mpishi wala la aliyechora.

Kisha andikeni orodha ya mambo ambayo hakuna mtu mmoja anaweza kuyasaini peke yake: kukopa zaidi ya kiasi fulani, kuuza jina la bia, kuingiza mwanahisa mpya, na kusaini na msambazaji. La mwisho watu hulisahau, wakidhani ni kazi ya meneja wa mauzo. Ukifika Hatua ya 6 utaona kwa nini nimelipanga pamoja na kuuza jina la bia.

Hatua ya 4: Serikali kuu

Ofisi unayoihitaji inaitwa TTB, iko chini ya Wizara ya Fedha. Unaipelekea taarifa ya mtengenezaji bia, na ombi halina ada. Itataka kujua kila mtu mwenye hisa kuanzia asilimia 10, pesa zimetoka wapi, na jengo liko wapi. Hapo ndipo wengi huumia. Ombi linahitaji jengo, kwa hiyo unalipa pango huku unasubiri kibali. Mwombe mwenye nyumba pango lianze kuhesabiwa kibali kikitoka, au angalau liwe nusu hadi siku hiyo. Wengine hukubali.

Ushuru wa serikali kuu, kwa mtengenezaji wa ndani asiyezidi mapipa milioni 2 kwa mwaka, ni dola 3.50 kwa kila pipa katika mapipa 60,000 ya kwanza. Pipa la Marekani ni galoni 31, karibu lita 117. Kiwango hiki kilianza 2018 kama cha muda na kikafanywa cha kudumu Desemba 2020. Awali kilikuwa dola 7. Ukitengeneza mapipa 500 kwa mwaka unalipa dola 1,750, na jimbo nalo lina lake. Ushuru wako usipozidi dola 50,000 kwa mwaka unasamehewa dhamana ya fedha na unaruhusiwa kulipa kila robo mwaka.

Umiliki unaingia hata hapa. Kampuni zinazomilikiwa na mkono mmoja kwa zaidi ya asilimia 50 huhesabiwa kundi moja, na mapipa yao hujumlishwa. Ukiuza asilimia 51 kwa kampuni inayotengeneza mapipa milioni 20, kile kiwango cha dola 3.50 umekiaga.

Kwa wasio na jengo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kupikiwa: kiwanda cha mwingine kinapika kwa maelekezo yako, kinalipa ushuru chenyewe, wewe unabaki mwenye jina na mauzo. Ya pili ni kupokezana jengo. Unakuwa na kibali chako, malighafi yako, vitabu vyako na ushuru wako, ila matangi ni ya mwenyeji na mnatumia kwa zamu. Ya pili inakupa hadhi ya mtengenezaji, na katika majimbo mengi haki za kujisambazia zinamfuata mtengenezaji. Kabla hujachagua, soma kwanza Hatua ya 5.

Lebo nayo huidhinishwa na TTB ikiwa bia itavuka mpaka wa jimbo. Ikiuzwa ndani ya jimbo moja huenda usiihitaji idhini hiyo. Kuna jambo hapa litakalowagusa wanaotaka kupika ladha za nyumbani. Kwa sheria ya lebo, kinywaji cha kimea ni lazima kiwe na kimea cha shayiri na hopsi. Bia ya mtama mtupu, isiyo na shayiri, haimo. Uamuzi wa TTB wa mwaka 2008 uliweka lebo za bia kama hiyo chini ya FDA, idara ya chakula na dawa, ingawa ushuru bado ni wa bia na onyo la afya la serikali ni lazima liwepo. Ukitaka kupika kitu kinachofanana na mbege, chenye ndizi na ulezi, peleka fomula TTB kabla hujanunua hata kilo moja ya ndizi, maana sukari ya matunda ikizidi unaweza kuambiwa hiyo ni mvinyo, na mvinyo una kibali chake.

Hatua ya 5: Jimbo lako linakuruhusu kuuza nini mwenyewe?

Maswali ni mawili. Naweza kumuuzia mnywaji kiwandani kwangu? Naweza kumpelekea mwenye baa bila msambazaji? Majibu yanatofautiana kama mbingu na ardhi.

Texas, hadi 2019, kiwanda kilichopakia bia hakikuruhusiwa kumuuzia mteja kopo la kwenda nalo nyumbani. Mteja angekunywa pale pale, lakini akitaka kubeba aende dukani. Kuanzia Septemba 1, 2019 akaruhusiwa kubeba aunsi 288 kwa siku, yaani kreti moja ya makopo 24. Georgia ilifungua mlango wake Septemba 2017, kwa kikomo cha mapipa 3,000 kwa mwaka kwa kila kiwanda. Kabla ya hapo, mgeni Georgia alilipia matembezi ya kiwanda na bia ikawa "zawadi". Sheria ikibana sana watu huwa wabunifu.

Kujisambazia nako kuna vizingiti vya mapipa. Florida hairuhusu kabisa. Texas, tangu 2013, kiwanda kisichozidi mapipa 125,000 kinaweza kujisambazia hadi 40,000. North Carolina kizingiti kilikuwa 25,000: ukikivuka, biashara yako yote ya usambazaji unaikabidhi. Viwanda viwili vya Charlotte, Olde Mecklenburg na NoDa, vilishtaki mwaka 2017, na mwaka 2019 jimbo likapitisha sheria inayokiruhusu kiwanda kisichofikia mapipa 100,000 kujisambazia hadi 50,000.

Kisa cha Illinois kinaonyesha haki hizi zinavyoweza kuponyoka. Mwaka 2010 Anheuser-Busch, mtengenezaji wa Budweiser, tayari ikiwa chini ya AB InBev ya Ubelgiji, ilitaka kununua sehemu iliyobaki ya msambazaji mmoja wa Chicago ambaye ilishamiliki asilimia 30 yake. Jimbo likakataa. Kampuni ikaenda mahakama ya shirikisho ikisema: viwanda vya ndani ya Illinois vinaruhusiwa kujisambazia, sisi wa nje tunakatazwa, huo ni ubaguzi. Jaji akakubali kwamba ni ubaguzi. Ila ubaguzi una dawa mbili, kumpa anayenyimwa au kumnyang'anya anayepewa, naye jaji akaelekea kwenye ya pili. Viwanda vidogo, ambavyo havikuwa vimemshtaki mtu, vilikuwa karibu kupoteza haki yao. Bunge la jimbo likaingilia mwaka 2011 kwa leseni ya kiwanda kidogo kisichozidi mapipa 15,000, kinachoweza kujisambazia hadi 7,500, kiwe cha ndani au cha nje ya Illinois.

Ushauri wangu hapa: jimbo likiruhusu, jisambazie mwenyewe mwaka wa kwanza, hata kwa gari dogo lenye jokofu na baa kumi tu. Msambazaji huchukua kiasi cha asilimia 25 hadi 30 ya bei anayomuuzia mwenye baa. Kegi (pipa la chuma la bia ya baa) ya dola 200, yeye akichukua asilimia 28, wewe umebaki na 144. Lakini hata pesa si sababu yangu kubwa. Ukijisambazia unamjua mwenye baa kwa jina, unajua bia gani inalala na ipi inakwisha Ijumaa, na ukikaa mezani na msambazaji siku moja unakuja na takwimu zako. Anayekwenda mtupu hupewa mkataba wa kawaida, na mkataba wa kawaida umeandikwa na msambazaji.

Hatua ya 6: Mkataba wa msambazaji

Huu ni ndoa ya Kikatoliki. Majimbo mengi yana sheria za kumlinda msambazaji dhidi ya kiwanda, na historia yake inaeleweka. Msambazaji alikuwa mtu wa mji mdogo mwenye malori sita, kiwanda kilikuwa jitu la St. Louis au Milwaukee, na jitu lingeweza kumfukuza kesho yake. Kwa hiyo sheria ikasema kiwanda hakiwezi kuvunja mkataba bila sababu nzito, kimpe notisi, kimpe muda wa kujirekebisha, na wakati mwingine kimlipe. Leo mara nyingi mizani imepinduka. Msambazaji ana malori mia mbili na bidhaa elfu, wewe una watu sita na kegi arobaini. Sheria bado inamlinda yeye.

Massachusetts ilikuwa mfano maarufu. Bia ikishauzwa na msambazaji kwa miezi sita, haki zilishikamana naye. Baada ya miaka ya mvutano, Januari 2021 ikasainiwa sheria inayokiruhusu kiwanda cha chini ya mapipa 250,000 kuondoka kwa notisi ya siku 30, kikilipa thamani halali ya haki hizo. New York ilifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 2012 kwa viwanda vya chini ya mapipa 300,000. Texas nako lipo la kushangaza: tangu 2013 kiwanda hakiruhusiwi kupokea malipo kwa kumpa msambazaji haki za eneo. Unampa bure, naye kesho anaweza kumuuzia msambazaji mwingine kwa pesa nzuri. Viwanda vitatu, Live Oak, Peticolas na Revolver, vilishtaki, vikashinda mwanzoni mwaka 2016, vikashindwa kwenye rufaa mwaka 2017.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, fanya yafuatayo kwa mpangilio huu.

Kwanza, usimpe bia "ya kujaribu". Katika majimbo mengi mkataba wa mdomo unatambuliwa, na shehena ya kwanza inaweza kuhesabiwa mwanzo wa ndoa. Hata barua pepe ya "sawa, chukua kegi tano tuone" inaweza kukurudia mahakamani.

Pili, uliza jimbo lako linaruhusu pande mbili kukubaliana tofauti na sheria hiyo au la. Mahali ambapo haiwezekani, vifungu vizuri utakavyoviandika vya kuvunja mkataba vinaweza kuwa mapambo tu, na ulinzi wako wa kweli unabaki kwenye mambo mawili: eneo na orodha ya bidhaa.

Eneo lipunguze. Wasambazaji hupenda jimbo zima. Wewe toa kaunti tatu ambazo kweli wana malori yanayopita kila wiki. Kaunti ya nne utampa akishaonyesha kazi, na usipompa utampa mwingine. Bidhaa nazo zitaje moja moja, maana mkataba unaosema "bia zote za kiwanda, za sasa na zijazo" umemuuzia hata bia ambayo hujaiota. Weka kando bia za msimu, za kushirikiana na viwanda vingine, na zote zinazouzwa kwenye baa yako ya kiwandani.

Kisha malengo: idadi ya baa na maduka mapya kwa robo mwaka, bia ihifadhiwe baridi, na iliyopita tarehe aiondoe rafuni nani kwa gharama ya nani. Bia ya hopsi nyingi ikikaa miezi mitano kwenye ghala la joto, mnywaji hatamlaumu msambazaji, atalaumu jina lililo kwenye kopo. Malengo yakiwa yameandikwa kwa tarakimu, kushindwa kuyafikia kunaweza kukupa ile "sababu nzito" inayotakiwa na sheria.

Kanuni ya bei ya kutengana iwekwe mapema. Mara nyingi huwa ni faida ghafi ya mwaka ya msambazaji kwa bia zako, mara namba fulani. Tuseme anapata dola 60,000 kwa mwaka na namba ni 3: uhuru wako unagharimu 180,000. Ukikubali namba hiyo leo unajua unachodaiwa. Ukiiacha wazi utaambiwa siku ambayo huna nguvu ya kubishana.

Mwisho, kifungu kilichomuumiza Bell: msambazaji akiuza kampuni yake au haki zako, wewe una sauti gani? Dai ridhaa yako ya maandishi. Baadhi ya majimbo yatakubana usikatae bila sababu ya msingi, basi ziorodheshe sababu zinazokubalika. Mwaka 2019 Bell's ilisimamisha tena mauzo, safari hii Virginia, kwa mgogoro uliotokana na msambazaji wake kununuliwa. Kiwanda kikubwa kama kile kimekwama mara mbili kwenye jambo lile lile, sembuse wewe.

Hatua ya 7: Usimhonge mwenye baa

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1935 inakataza kiwanda au msambazaji kumnunulia mwenye baa nafasi kwenye bomba zake: kumlipa, kumpa vifaa vya thamani, kumpa bia kwa makubaliano ya kulipa ikiuzwa. Watu wataendelea kukuambia "kila mtu anafanya". Mwaka 2016 msambazaji mmoja wa bia za krafti, yaani za viwanda vidogo huru, huko Massachusetts alitozwa karibu dola milioni 2.6 kwa mtindo huo, ili leseni yake isisimamishwe kwa siku 90. Vibao vidogo, vishikio vya bomba na vikeka vya karatasi vya kuwekea glasi vina nafasi yake kwenye kanuni. Vingine vyote uliza kwanza.

Hatua ya 8: Mkubwa akibisha hodi

Mwaka 2011 AB InBev ilinunua kiwanda cha Goose Island cha Chicago kwa dola milioni 38.8. Zikafuata Blue Point, 10 Barrel, Elysian, Golden Road, Breckenridge, Karbach, Wicked Weed. Heineken ilichukua nusu ya kiwanda cha Lagunitas mwaka 2015, kisha yote mwaka 2017. Constellation, kampuni kubwa ya pombe, ililipa takriban dola bilioni 1 kwa kiwanda cha Ballast Point mwaka 2015, halafu mwaka 2019 ikaiuza kwa Kings & Convicts, kiwanda kidogo mno cha Illinois. Na mwaka 2023 AB InBev ikaziuza bidhaa nane, Breckenridge, Blue Point na 10 Barrel zikiwemo, kwa Tilray, kampuni ya bangi ya Kanada, kwa dola milioni 85. Ukiuza, jua kwamba aliyekununua anaweza naye kukuuza, na wewe hutaulizwa.

Kabla hujajibu hodi, kaa na mhasibu mpitie kinachobadilika siku hisa zinapohama. Ushuru wa dola 3.50, nimeshasema. Haki ya kujisambazia, kama jimbo linajumlisha mapipa ya kundi zima. Baa ya kiwandani: Texas mwaka 2017 ilipitisha sheria kwamba mwenye viwanda ambavyo kwa pamoja vinapita mapipa 225,000 auze kwanza kwa msambazaji bia ya baa yake mwenyewe na kuinunua tena. Na muhuri wa chupa iliyopinduliwa, unaotambulisha viwanda huru vya krafti, ambao chama cha watengenezaji bia cha Brewers Association kiliuanzisha 2017, unaondoka ikiwa asilimia 25 au zaidi ya kiwanda iko mikononi mwa kampuni ya pombe isiyo ya krafti. Hiyo 25 si sheria ya nchi, ni kanuni ya chama. Lakini kuna wanywaji wanaoigeuza chupa kutafuta muhuri kabla ya kulipa.

Usidhani pia kwamba kuwapa wafanyakazi hisa kunafunga mlango huo milele. New Belgium ya Fort Collins ilikuwa mali ya wafanyakazi wake kwa asilimia 100 tangu mwisho wa 2012. Mwaka 2019 wakapiga kura, wakauza kwa kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani.

Usipouza, bado mkubwa atakugusa kupitia msambazaji. Mwaka 2015 AB InBev ilibuni motisha kwa wasambazaji ambao asilimia 98 ya mauzo yao ni bia zake. Ilipoinunua SABMiller, kampuni nyingine kubwa ya bia, mwaka 2016, ununuzi uleule ulioipa pia Tanzania Breweries, Wizara ya Sheria ya Marekani iliiwekea masharti: isiwape wasambazaji motisha za kuwabana washindani, na isisambaze zaidi ya asilimia 10 ya bia yake nchini humo kupitia wasambazaji inaowamiliki yenyewe. Kwa hiyo swali la kumuuliza msambazaji wako siku ya kwanza ni hili: asilimia ngapi ya mauzo yako ni ya kampuni moja? Akikwambia 90, bia yako itapakiwa lorini baada ya nyingine zote.

Na ukishauza, hata kama ni sehemu tu, TTB ipewe taarifa ndani ya siku 30 udhibiti wa kampuni unapohama. Mamlaka ya pombe ya jimbo mara nyingi hutaka iombwe kabla. Weka tarehe ya kufunga mauzo baada ya majibu ya jimbo, na uandike hivyo kwenye mkataba, usije ukawa umepokea pesa huku leseni imekufa na matangi yamejaa.